Anti wa Vitabu anajibu: Mnaenda tamasha la fasihi, mnarudi mmechoka tu

Haya wapenzi wa safu hii, mwezi huu barua karibu zote zinaongelea kitu kimoja, matamasha ya fasihi. Kuna wanaoenda kwa mara ya kwanza, kuna walioenda wakarudi wamenuna, na kuna mmoja anataka kumvizia mchapishaji mlangoni na mswada wake (huyo tutamfikia, asijali). Barua ndefu nimezipunguza na majina nimeyaficha kama mlivyoomba. Twende.

SWALI: Anti shikamoo. Nimepata tiketi ya tamasha la siku tatu, ndo mara yangu ya kwanza. Ratiba imetoka nikaifungua kwenye simu nikachoka kabla hata sijaenda, kumbi nne zinaendelea kwa pamoja, kila saa kuna kitu na kila kitu naona kizuri. Rafiki yangu ananiambia niingie vyote ninavyoweza maana hela nshalipa. Nifanyeje? (Mgeni wa Tamasha)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako ana nia njema ila hapo anakupoteza. Hayo matamasha makubwa hakuna binadamu anayeyamaliza. Lile la Edinburgh kule Scotland lilianza 1983, likawa linafanyika kila baada ya miaka miwili mpaka 1997 ndo likawa la kila mwaka, na siku hizi waandishi wanaopita pale kila Agosti ni mamia. La Jaipur kule India, lililoanza 2006, majukwaa kadhaa yanaongea kwa wakati mmoja na umati unahama kutoka hili kwenda lile siku nzima. Kwa hiyo hofu ya kupitwa ifute kichwani, utapitwa, kila mtu anapitwa.

Sasa piga hesabu na mimi. Kikao cha kawaida ni kama saa moja, dakika 45 hivi za mazungumzo na zinazobaki za maswali. Kikiisha mwandishi anahamia meza ya kusaini vitabu na foleni inaanza, na kama ni mtu mwenye jina hiyo foleni peke yake inaweza kuwa nusu saa au zaidi. Ongeza kutembea kutoka ukumbi huu kwenda ule, kutafuta choo, kumsubiri mwenzio aliyesema yuko getini kumbe ndo kwanza anatoka kwake. Yaani kikao kimoja kinakula karibu saa mbili za siku yako. Ukibana vitano au sita maana yake kila kimoja unatoka kabla ya maswali na kila kinachofuata unaingia wameshaanza, jioni kichwani zimebaki sauti tu, huwezi kusema nani alisema nini. Vitatu kwa siku vinatosha kabisa, na kimoja kati ya hivyo kiwe cha kubahatisha, mtu ambaye hujawahi hata kumsikia.

Kuchagua nako kuna namna yake. Watu wanaanza na jina, mi nakwambia anza na idadi ya viti jukwaani. Wanajopo wanne na msimamizi mmoja ndani ya dakika 45, ukitoa utambulisho kila mmoja anabaki na dakika kumi au pungufu, na kama kuna mmoja anayependa kujisikia akiongea (yupo, hakosekani) wale wengine watatu umewakosa. Jopo ni zuri kama kinachokuvuta ni mada yenyewe. Ila kama unataka kumjua mtu, tafuta kikao cha mwandishi mmoja na msimamizi mmoja. Na huyo msimamizi jamani, watu hawaangalii jina lake kabisa, wakati yeye ndo anayekibeba au kukizamisha kikao. Aliyesoma kitabu atauliza kwa nini kufikia sura ya saba msimulizi amebadilika, asiyesoma ataanza na "hebu tuambie kidogo kuhusu kitabu chako" na saa nzima imeisha hivyo.

Halafu kuna suala la mastaa. Mtu akitoa kitabu kipya anazunguka nacho miezi, tamasha kwa tamasha, redio, podikasti, na ikifika katikati ya hiyo safari majibu yake yameshakuwa ya kukariri. Ukiingia mtandaoni unayapata yote, kichekesho kilekile, hadi pale anapotulia kidogo ili watu wacheke. Sisemi usiende, kama ndo mwandishi wako nenda ukalie hata machozi. Ila usizijaze siku zako zote tatu kwa wakubwa. Nenda pia kwenye ukumbi mdogo, mshairi au mtu mwenye kitabu cha kwanza, viti 30 na nusu yake viko wazi, huko ndo mwandishi anapigwa swali ambalo hajawahi kuulizwa na unamuona anafikiria mbele yako.

Na ambalo kwangu mimi linayazidi yote, soma kabla. Sio wote, nani ana muda huo. Chagua mmoja kwenye orodha yako, kitabu chake kimoja kimalize. Waliobaki watafutie hadithi fupi, sura ya kwanza, mashairi mawili matatu, mara nyingi vipo mtandaoni bure. Mtu uliyemsoma akiongea jukwaani unasikia mpaka kile anachokikwepa. Usiyemsoma unasikia tu mtu anaongea vizuri.

Asubuhi ya kila siku angalia tena ratiba maana waandishi nao huugua na ndege huchelewa.

SWALI: Habari Anti. Mi nilienda tamasha mwaka jana, nikajaza daftari zima na vikao vingine nikarekodi kwenye simu. Mpaka leo sijafungua hata moja. Tatizo langu ni nini? (Mwenye Daftari)

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Tatizo ni kwamba ulikaa pale kama karani wa mahakama, unaandika kila kinachosemwa na kusikiliza hausikilizi. Kurekodi waachie wenyewe, kwanza kumbi nyingi hawaruhusu, pili matamasha mengi makubwa yanarekodi na kuhifadhi. Hay, lile la mji mdogo wa Wales lililoanza 1988, lina hazina ya rekodi za miaka na miaka, Jaipur nao wanaweka video zao mtandaoni. Ukitaka kurudia utarudia, na picha yao ina mwanga kuliko ya simu yako iliyoshikwa juu ya kichwa cha mtu.

Kalamu ishike mwandishi anapotaja kitabu cha mtu mwingine. Akisema "nilipokuwa naandika hiki nilikuwa nasoma kile", hapo andika haraka, hata kama herufi za jina umezikosea, utamuuliza jirani au utalitafuta baadaye. Mi naona hiyo ndo faida kubwa ya matamasha na haipo kwenye tangazo lolote, unatoka na orodha ya vitabu ambavyo watu wanaoandika kwa ajili ya kuishi wanavisoma wao wenyewe, sio vile vilivyowekwa dirishani. Kingine cha kuandika ni sentensi iliyokukera au uliyobishana nayo kimoyomoyo. Zile ulizokubaliana nazo ziache, zitakukaa zenyewe. Na jioni hiyohiyo kabla hujalala kaa robo saa, usome ulichoandika na kila mstari usioeleweka uumalizie, kwa sababu baada ya wiki "yule dada wa pili alisema kuhusu mvua!!" haitakuwa na maana yoyote hata kwako.

SWALI: Dada, maiki ikinifikia natetemeka, halafu nikianza naelezea sanaaa mpaka msimamizi ananikatisha na watu wanageuka kuniangalia. Natamani kuuliza swali zuri hata mara moja. (Maiki Moto)

JIBU: Mpenzi, wanaoongea sana kwenye maiki wengi ni waoga kama wewe, wanajificha kwenye maelezo. Dawa ni kuliandika swali kabla, kwenye karatasi au simu, sentensi moja au mbili, na likifika zamu yako ulisome kama lilivyo. Hakuna sheria inayosema ukariri.

Angalia tofauti. Hili hapa ndo tunalolisikia kila mwaka: "Asante sana kwa nafasi, kwanza kabisa nakupongeza kwa kazi nzuri, mimi nimekisoma kitabu chote na kwa kweli kimenikumbusha utotoni kwangu, maana na mimi nililelewa na bibi, sasa swali langu lina sehemu tatu…" Ukumbi wote unapumua kwa pamoja. Sasa sikia hili: "Mama anaacha kuongea katikati ya kitabu. Hilo uliliamua mwanzoni au lilitokea tu ukiwa unaandika?" Umekaa chini. Mwandishi anafikiri, anatabasamu, na unaona kabisa amefurahi kuulizwa kuhusu kitu alichokifanya kwa mikono yake. Uliza kuhusu uamuzi, kwa nini hivi na sio vile. Yale ya "unapata wapi mawazo" na "una ushauri gani kwa waandishi chipukizi" ameshayajibu mara nyingi mno, atakupa jibu la kabatini.

Ila usiwatajie watu nani anakufa mwishoni. Nusu ya ukumbi hawajasoma, wamekuja ili wakanunue.

Na kaa karibu na njia. Robo saa ya maswali inatosha watu wanne, watano wakibana, na mwenye maiki anaanzia kwa anayefikika. Nyoosha mkono wakati msimamizi bado anasema "tuna nafasi ya maswali machache". Wale wa "mimi sina swali ila nina mchango", mi ningekuwa waziri ningewatungia sheria.

SWALI: Anti shikamoo, nimemaliza riwaya yangu, kurasa 300 na kitu. Nataka kuiprinti nakala tano niende nazo tamasha, nimkabidhi mchapishaji mkononi au hata mwandishi mkubwa yeyote. Mama anasema bahati haiji mara mbili. (Riwaya Mkononi)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera, kumaliza riwaya sio mchezo, wengi wanaishia sura ya nne. Mama msalimie sana ila usiprinti.

Jiweke upande wa pili. Mwandishi amekuja na begi dogo la mkononi, kesho ana ndege, unampa karatasi 300. Hata akitaka kubeba, wengi wao wameshaonywa wasisome kazi za watu ambazo hazijachapishwa, kwa sababu miaka mitatu baadaye akitoa kitabu chenye kisa kinachofanana kidogo na chako itakuwa kaiba. Mchapishaji naye ofisini kwake ana utaratibu wa kupokea miswada, ule uliopewa ukumbini haumo kwenye huo utaratibu, unabaki chumba cha hoteli. Sio roho mbaya.

Pia ujue unaenda wapi, kwa sababu watu wanachanganya. Kuna tamasha na kuna maonyesho ya vitabu ya kibiashara. Frankfurt kule Ujerumani kila Oktoba, kwa sura yake ya sasa tangu 1949, au yale ya London yaliyoanza 1971, hayo kimsingi ni soko la haki za kuchapisha, mchapishaji wa nchi hii anamuuzia wa nchi ile, miadi imepangwa wiki na wiki kabla na kila mtu anaangalia saa. Mwandishi mpya akiingia mle na mswada anajisikia kama kaingia kikao cha wakwe. Tamasha ni la wasomaji, na kwa mtu kama wewe lina faida moja, wahariri wenyewe wapo, wamekaa kwenye hadhira kama watu, hawako nyuma ya meza.

Kwa hiyo fanya hivi. Angalia kwenye ratiba kama kuna warsha za uandishi na ujiandikishe mapema sana, nafasi zake huwa chache na mara nyingi zina tiketi yake tofauti, ukisubiri siku ya tamasha zimeisha. Angalia kama kuna kikao cha wahariri, wachapishaji au mawakala (wale wanaomtafutia mwandishi mchapishaji), hicho usikose, maana pale wanasema wazi wanatafuta nini na wamechoka na nini. Matamasha mengine yana miadi mifupi na wakala au mhariri, dakika kumi hivi, unatuma kurasa zako mapema anazisoma kabla hamjaonana. Ukiipata hiyo ina thamani kuliko nakala zako tano zote.

Kazi nyingine ya bure kabisa, nenda meza ya vitabu, chukua vitabu vinavyofanana na chako kwa aina, fungua kurasa za mwisho au za mwanzo pale penye shukrani. Waandishi huwashukuru wahariri na mawakala wao kwa majina. Andika hayo majina. Ukitoka hapo una orodha ya watu ambao wameshaonyesha kwamba vitabu vya aina yako wanavipenda, na siku ukimwandikia mmoja wao utaanza na hicho kitabu alichokihariri.

Halafu tengeneza sentensi moja ya riwaya yako. Nani, anataka nini, nini kinamzuia. Ifanyie mazoezi kwa sauti mpaka iache kukutia aibu. Ukikutana na mhariri usianze nayo! Anza na kitabu alichokitoa yeye, kitu ulichokipenda mle ndani, ongeeni kama watu. Akikuuliza "na wewe unaandika?" ndo unaitoa ile sentensi, unanyamaza. Kunyamaza ndo kugumu. Akisema nitumie, muulize nitume wapi na nitume nini, mara nyingi watataka sura tatu za kwanza na muhtasari, sio riwaya nzima. Ukirudi nyumbani ipitie mara moja tena, tuma ndani ya wiki mbili, na mstari wa kwanza umkumbushe mlikutana wapi.

Na jihadhari na wale wenye tabasamu pana wanaokufuata wao, "tumesikia una riwaya, sisi tutakuchapishia, unachangia gharama kidogo". Mchapishaji wa kawaida yeye ndo anaweka hela kwenye kitabu na wewe unalipwa. Ukiamua kujichapishia mwenyewe ni sawa kabisa, watu wanafanya na wanafanikiwa, lakini iwe umeamua wewe, sio umeamuliwa kwenye korido.

SWALI: Naenda peke yangu, sijui mtu hata mmoja na mimi sio mwongeaji. Nikiona watu wamesimama makundi makundi wanacheka natamani nirudi nyumbani. (Mkimya)

JIBU: Mdogo wangu, kwenye tamasha la vitabu wakimya ndo wengi, ile kelele unayoisikia ni ya wachache. Na kwenda peke yako mi nakuonea wivu, huna wa kumsubiri, huna wa kubishana naye twende huku twende kule, kikao kikikuboa unatoka. Kaa pembeni mwa mstari, subiri watu wapige makofi, toka taratibu, hakuna atakayekuuliza.

Ukitaka kuongea na mtu, sehemu rahisi kuliko zote ni foleni. Wote mmeshika kitabu kimoja na wote hamna pa kwenda. "Hiki umeshakisoma au ndo unaanza?" inatosha, au muulize kikao gani kimempendeza mpaka sasa, watu wanapenda sana kuulizwa hilo, wataongea wao wewe utaitikia. Kama hata hiyo ngumu, mwakani omba kujitolea. Matamasha mengi yanabebwa na watu wa kujitolea, wanakagua tiketi, wanapeleka maiki, wanamsindikiza mwandishi kutoka chumba cha kusubiria mpaka jukwaani, na zamu ikiisha mara nyingi wanaingia vikao bure. Mtu mkimya akipewa kazi mkononi anaongea na kila mtu bila kujijua.

SWALI: Anti nimeumia. Mwandishi ninayempenda tangu shule, nimepanga foleni saa nzima, nafika mbele hakuniangalia hata usoni, kachora kitu kama nyuzi imekatika, next. Vitabu vyake vipo rafuni sivigusi. (Moyo Umevunjika)

JIBU: Pole mwaya. Wapo wenye dharau kweli, sitawatetea. Ila ngoja nikuonyeshe upande wake wa meza kabla hujavichoma vitabu. Watu 200 kwenye foleni, kila mmoja nusu dakika tu, hiyo ni dakika 100 za kuinama na kuandika, baada ya saa nzima jukwaani, na pembeni kuna mratibu anamwambia dakika kumi zimebaki ukumbi unahitajika. Ukifika namba 150 unakutana na mkono, mtu mwenyewe ameshaondoka zamani.

Safari ijayo mrahisishie. Kwenye foleni kubwa mara nyingi kuna mtu anapita na vikaratasi vya kubandika, unaandika jina lako unabandika kwenye ukurasa ule wa ndani wenye jina la kitabu, ndo hapo wanaposaini. Andika kwa herufi kubwa zinazosomeka, maana jina ambalo kwako ni rahisi kwake linaweza kuwa mtihani. Kitabu kifike mezani kimeshafunguliwa. Simu ya picha mpe aliye nyuma yako mapema, kamera ikiwa imewashwa, na wewe utampiga yake. Kisha sema kitu kimoja kisichohitaji jibu, "ile sehemu ya bibi na redio niliirudia mara mbili", basi. Hapo wengi wanainua kichwa, kwa sababu wamesikia "napenda sana kazi zako" siku nzima na hii ya bibi na redio hawajaisikia. Na kama una muda, usikimbilie mbele, kaa mwisho wa foleni. Watu watano wa mwisho ndo wanaopiga stori na mwandishi, kalamu imeshafungwa, hakuna anayesukuma.

Vitabu vyake virudie lakini. Aliyeviandika alikuwa na muda na wewe, ulikuwa kurasa 200 au 300 naye.

SWALI: Kuna mwandishi anakuja, vitabu vyake tunavisoma kwa tafsiri, ataongea kwa lugha yake na kutakuwa na mkalimani. Si nitapoteza muda? (Mashaka)

JIBU: Hupotezi. Kikao kitakuwa cha polepole, hilo kweli, kila jibu linasemwa mara mbili, lakini ule muda wa kusubiri unakupa nafasi ya kufikiri ambayo vikao vingine hawakupi. Na kama mfasiri wa kitabu naye kaalikwa, nenda bila kujiuliza. Mfasiri ndo msomaji aliyekisoma kile kitabu kwa karibu kuliko mtu yeyote duniani, kila koma kaibishania, anajua sehemu ambazo mwandishi mwenyewe kazisahau. Tangu 2016 tuzo ya International Booker, ile ya vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, hela yake wanagawana nusu kwa nusu mwandishi na mfasiri, kwa hiyo sio mimi peke yangu ninayesema. Ukiona kwenye ratiba pambano la wafasiri, pale wawili wanapewa kipande kimoja kila mtu anakuja na tafsiri yake halafu wanabishana jukwaani neno kwa neno, acha chochote ulichopanga uende huko.

SWALI: Tiketi siwezi na tamasha lenyewe ni mbali. Ndo basi tena? (Niko Mbali)

JIBU: Sio basi. 2020 wakati wa korona Edinburgh na Hay walilazimika kuhamia mtandaoni, na tangu hapo matamasha mengi yamebaki na mlango huo, mengine bure, mengine unalipa unachoweza. Tatizo la kuangalia mtandaoni ni kwamba unaangalia huku unajibu meseji, ukifika katikati hujui wanaongelea nini. Tafuta wenzako wawili watatu, chagueni kikao kimoja, someni kitu kimoja cha huyo mwandishi kabla, kaeni muangalie kwa pamoja simu zikiwa mbali kisha mzozane. Kwa mtindo huo mtapata kingi kuliko nusu ya waliokaa ukumbini. Na hata yale ya kulipia huwa yana vikao vya bure vilivyofichwa chini kabisa ya ratiba, usomaji wa mashairi, uzinduzi wa vitabu, vipindi vya watoto. Soma ratiba mpaka chini.

SWALI: Anti, nina kitabu nilikinunua mtumba, kimechakaa, jalada limeshikwa na gundi na kuna jina la mtu mwingine ndani. Ni aibu kumpelekea mwandishi asaini? (Mtumba)

JIBU: Aibu ya nini? Waandishi wengi wanapenda kuona kitabu kilichosomwa mpaka kikachoka, na hilo jina la mtu mwingine ndani linaweza likawa ndo stori atakayoikumbuka siku hiyo. Angalia tu masharti, sehemu nyingine wanasaini vilivyonunuliwa hapohapo, kwingine wanaweka kikomo cha vitabu viwili kwa mtu, usijipange na begi zima. Kitabu cha mtumba hakimwingizii mwandishi chochote, kwa hiyo ukijaliwa ongeza kimoja kipya, hata kile kidogo kuliko vyote mezani. Ila ile ya fotokopi uliyoitoa chuoni na kuipiga pini tafadhali iache nyumbani.